Jinsi ya kusoma monsuni za kale kwenye udongo wa loesi, China

Uwanda wa loesi wa China una loesi, yaani vumbi lililoletwa na upepo kwa zaidi ya miaka milioni 2.5. Ukisimama mbele ya korongo pale Luochuan unaona mistari kabisa: njano iliyopauka ni vumbi la vipindi vya baridi, nyekundu ya kahawia ni udongo uliokomaa wakati mvua za majira ya joto zilipokuwa nzuri. Wengi wanakimbilia maabara ila kazi kubwa iko hapo ukutani, ukikosea hapo hakuna mashine itakayokuokoa.

Hatua ya 1. Kwangua ukuta mpaka ufikie udongo ambao haujaguswa, ule wa nje umeoshwa na mvua na umejaa mizizi. Shusha tepu toka juu, chukua sampuli kila sentimita 10, na kina andika kwenye mfuko palepale, usiseme ntaandika baadae.

Hatua ya 2. Kwa sampuli za kupimia umri, gongea bomba la chuma ukutani, ziba ncha zote mbili, funga plastiki nyeusi, maana chembe za kwatzi (madini yaliyomo kwenye vumbi) zikipigwa na jua kumbukumbu ya umri inafutika.

Hatua ya 3. Pima usumaku, yaani udongo unavyoitikia sumaku. Kausha kwa joto dogo, lisizidi nyuzi 40, pima uzito, weka kwenye kiboksi, soma kwa masafa mawili (frikwensi) ya kifaa cha kupima usumaku. Tofauti ya masomo hayo mawili ndo tamu yenyewe, inakuonyesha vichembe vidogo sana vya sumaku vilivyozaliwa udongoni kwa joto na unyevu, so vikiwa vingi ujue monsuni ya majira ya joto ilikuwa na nguvu.

Hatua ya 4. Ukubwa wa chembe. Haidrojeni peroksaidi inaondoa mabaki ya mimea, asidi ya hidrokloriki inaondoa chokaa, halafu pima chembe kwa leza. Chembe kubwa zinaashiria upepo mkali wa baridi, lakini angalia, jangwa la Mu Us likisogea kusini nalo linaleta chembe kubwa hata kama upepo ni uleule.

Hatua ya 5. Umri. Tafuta tabaka la wakati uga wa sumaku wa dunia ulipogeuka, kama miaka 780,000 iliyopita, liwe nanga yako ya kuhesabia umri wa tabaka nyingine.

Na tafadhali usibebe kanuni ya usumaku ukaipeleka Siberia, kule mambo ni kinyume, loesi ndo yenye usumaku mwingi kuliko udongo wa kale kwa sababu upepo mkali ulibeba madini mazito ya chuma.