Jinsi ya Kukusanya Simulizi za Korona na Chanjo katika Mtaa Wako

Ukimuuliza jirani yako leo kwa nini alichanjwa dhidi ya Korona, au kwa nini hakuchanjwa, yaelekea atakujibu kwa maneno mawili matatu kisha abadilishe mazungumzo. Nilijibiwa hivyo mara nyingi nilipoanza kurekodi simulizi za wapangaji wenzangu huku Kariobangi, Nairobi, na kwa muda nilidhani watu wamechoshwa na habari hizo. Baadaye nilitambua kwamba swali langu ndilo lililokuwa na kasoro. Neno "kwa nini" humfanya mtu ajitetee, hasa katika jambo ambalo tayari amelaumiwa na ndugu zake, mwajiri wake au waumini wenzake.

Mama mmoja anayeuza mboga karibu na ploti yetu alikuwa ameniambia, "Sikutaka tu." Nilipomrudia wiki iliyofuata, nilimuuliza swali jingine: "Mama, siku ile walipokuwa wakichanja pale zahanati, wewe ulikuwa wapi?" Alizungumza kwa karibu saa nzima. Kumbe alikuwa ameenda. Siku hiyo alitoka sokoni Marikiti na mboga zake mapema, akapanga foleni, akaacha kikapu chake mahali pake ili akamwangalie mtoto kibandani, na aliporudi akaambiwa dozi za siku hiyo zimekwisha. Aliahidi kurudi. Kabla hajarudi, binamu yake alimpigia simu kutoka nyumbani akamweleza kuhusu mtu aliyefariki siku chache baada ya kuchanjwa, naye hakurudi tena. Yote hayo, yaani foleni, kikapu, upungufu wa dozi na simu ya binamu, alikuwa ameyafunga ndani ya maneno yale mawili, "sikutaka tu."

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuandika masimulizi ya namna hiyo, awe mwalimu, mwanafunzi, mhudumu wa afya ya jamii, au mjukuu mwenye simu na daftari. Jambo lenyewe lina haraka kuliko tunavyofikiri, kwa sababu wapangaji wa Nairobi huhama, wazee hufariki, na simu zilizohifadhi jumbe za wakati ule huibwa au huharibika.

Tengeneza kalenda kabla ya kumtembelea mtu

Ni wachache wanaokumbuka tarehe, lakini karibu kila mtu anakumbuka ni nini kilichobadilika katika siku zake. Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo ya kwanza, andika matukio makuu kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kisha kando ya kila tukio andika jambo ambalo mtu wa kawaida aliliona kwa macho yake.

Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, na baada ya siku chache shule zikafungwa. Machi 27 kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, zuio lililodumu hadi Julai, na Mei mtaa wa Eastleigh ukafungwa peke yake. Kando ya tarehe hizo, andika kwamba matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8, kwamba kutuma shilingi 1,000 au pungufu kwa M-Pesa kulikuwa bila ada, na kwamba vijana wengi wa mitaa ya mabanda waliingia Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua vya usafi. Mtu asiyekumbuka mwezi atakukumbushia siku alipolipa nauli maradufu.

Sehemu ya chanjo inahitaji ukurasa wake. Mapema Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, na Machi 5 uchanjaji ukazinduliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambapo Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, alichanjwa hadharani. Wahudumu wa afya, walimu na maafisa wa usalama walitangulizwa, kisha wakafuata wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Mwezi huohuo baadhi ya nchi za Ulaya zilisitisha AstraZeneca kwa muda ili kuchunguza visa nadra vya damu kuganda, na habari hiyo ilifika redioni Nairobi wakati wazee wetu ndio kwanza walikuwa wakiitwa. Baadaye India, ambako dozi hizo zilitengenezwa, ilizuia kuziuza nje kwa sababu ya wimbi kubwa la ugonjwa kwao, na hapa kwetu muda wa kungojea dozi ya pili ukaongezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Chanjo za aina nyingine, kama Moderna, Pfizer na Johnson & Johnson, zilianza kufika kati ya Agosti na Septemba. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Ukiwa na kalenda hii hutamkosoa mtu, bali utamsaidia kujipanga. Mzee mmoja, mlinzi wa usiku, alishikilia kwamba alichanjwa wakati ambapo kafyu ya Nairobi ilianza saa moja jioni. Haikuwezekana, kwa maana kafyu ya saa moja iliisha Juni 2020, miezi tisa kabla ya chanjo kufika. Badala ya kumwambia amekosea, nilimuuliza kama siku hiyo watoto walikuwa wakienda shule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, mjukuu wangu alinikuta mlangoni akiwa na sare." Hapo tukajua kwamba tumeshaingia mwaka 2021. Kilichomkaa moyoni ni kafyu ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomlazimu kufika kazini kabla ya giza na kukaa huko hadi kupambazuke, akiiacha familia yake peke yake katika wiki ambazo kila mtu aliogopa zaidi. Kosa lake la tarehe lilinifunza jambo ambalo tarehe sahihi isingelinifunza.

Omba ruhusa ipasavyo

Habari za afya ya mtu ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka miongoni mwa taarifa nyeti. Mweleze mwenzako kwa lugha anayoielewa kwamba unarekodi, utaihifadhi wapi sauti yake, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kukwambia ufute wakati wowote. Mwache achague jina utakaloliandika. Katika ploti yenye vyumba kumi na viwili na bomba moja la maji, kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu ukiandika "fundi wa viatu wa ghorofa ya chini" kila jirani amekwisha mjua. Badilisha pia kazi au mtaa ikiwa amekuomba umfiche.

Chagua wakati na mahali kwa kumfikiria yeye. Mama mboga ana nafasi baada ya saa nane mchana, kabla wanunuzi wa jioni hawajaanza kupita. Mwendeshaji wa bodaboda ana nafasi mvua inaponyesha, ingawa ukirekodi chini ya paa la mabati wakati huo hutasikia neno. Usiende na maji ya matunda au pesa kama malipo ya habari, lakini ukimkuta akimenya viazi, kaa umenye naye.

Uliza kuhusu siku, mikono na simu

Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome polepole. Uamuzi kuhusu chanjo mara nyingi haukufanywa na mtu aliyeketi peke yake akipima hoja. Ulifanywa foleni ikisonga, ulifanywa kwenye simu na dada aliye Kakamega, ulifanywa na mwajiri, na wakati mwingine ulifanywa na mvua. Kwa hiyo mwombe mtu akusimulie siku, na uamuzi utajitokeza wenyewe.

Anza mbali na sindano. Muulize alikuwa akifanya kazi gani kabla ya Machi 2020 na ni nani waliomtegemea. Muulize mara ya kwanza alipovaa barakoa, aliinunua wapi na aliivaa kwa muda gani kabla ya kuitupa. Muulize kama kuna mtu aliyemzika katika kipindi kile, wakati waombolezaji walipowekewa kikomo na wengi wakashindwa kusafiri kwenda nyumbani. Usilifikie swali hili haraka, na ukiona machozi, zima kinasa sauti bila kuombwa.

Baada ya hapo ingia kwenye chanjo. Alisikia habari zake kwa nani mara ya kwanza? Ni nani aliyemwamini, na ni nani aliyeacha kumwamini? Siku ya kwenda, au siku ambayo angekwenda, aliamka saa ngapi, alipoteza mapato ya kiasi gani, nani alimlindia biashara? Aliyechanjwa muulize usiku uliofuata ulikuwaje. Wengi watakueleza homa na mkono uliouma kwa siku moja au mbili, na kibarua wa mjengo atakueleza kwamba siku mbili hizo hakulipwa. Maumivu ya mkono yanayojulikana kitabibu kuwa ya kawaida yalikuwa gharama halisi kwa mtu anayekula alichokichuma leo, na simulizi isiyotaja gharama hiyo itamwonyesha kama mtu mwoga.

Tofautisha aliyechagua na aliyelazimika. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 mtu angehitaji kuonyesha cheti cha chanjo ili kupata huduma za ana kwa ana katika ofisi zake, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kabla ya siku hiyo kufika. Wapo waliochanjwa katika wiki hizo kwa hofu ya kufungiwa huduma, na wapo walioona agizo hilo kama uthibitisho wa shaka waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Waulize wote wawili kwa sauti ileile. Uso wako ukibadilika anapokwambia hakuchanjwa, utapata jibu la kukufurahisha, na simulizi itakuwa imekwisha.

Vilevile, uliza kuhusu chanjo za zamani. Wakazi wengi wa Nairobi hawakuanza kuwa na shaka mwaka 2021. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na ingawa Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha madai hayo, wanawake waliokuwa wasichana wakati huo bado wanayakumbuka. Kwa upande wa pili, utakutana na nyanya atakayekwambia alichanjwa bila kusita kwa sababu aliwahi kuona watoto wakifa kwa surua.

Uvumi uandike, kisha uandike ukweli kando yake

Utasikia kwamba aliyechanjwa angefariki baada ya miaka miwili. Uvumi huo ulienea sana kwenye WhatsApp mwaka 2021, na miaka hiyo miwili imekwisha pita. Usimkatize anayeusimulia. Muulize aliupokea kutoka kwa nani, ulikuwa maandishi au sauti, naye aliutuma kwa nani. Njia ya ujumbe ni sehemu ya historia: uliopitishwa na mke wa kaka una uzito ambao tangazo la wizara haliwezi kuufikia.

Unapoandika, hata hivyo, usiuache uvumi ukasimama peke yake kana kwamba ni taarifa. Weka maelezo yako mafupi, yaliyo wazi kwamba ni yako, yanayosema lililo kweli. Kuhusu mtu aliyefariki baada ya kuchanjwa, andika kwamba msimulizi aliambiwa hivyo na binamu, na usithibitishe wala kukana chanzo cha kifo usichokijua. Ikiwa mtu atakuuliza katikati ya mazungumzo kama inafaa achanjwe sasa, au mtoto wake apewe chanjo za kawaida, zima kinasa na umpeleke kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu. Msindikize kama ana wasiwasi. Hiyo si kazi ya mkusanyaji wa simulizi, lakini ni kazi ya jirani.

Andika kama alivyosema, kisha mrudishie

Nukuu maneno yake bila kuyapiga pasi. Kama alichanganya Kiswahili na Kikamba, au akatumia Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, acha vivyo hivyo na ueleze maana pembeni. Piga picha kadi yake ya chanjo au ujumbe mfupi aliopokea iwapo atakubali, na ufunike jina na namba ya kitambulisho kabla ya kuhifadhi. Weka nakala mbili mahali tofauti, moja katika simu na nyingine nje ya nyumba yako, na kwenye kila faili andika tarehe ya mazungumzo na masharti aliyoyatoa.

Kisha rudi umsomee. Nilimsomea yule mama wa mboga simulizi yake akiwa anafunga mafungu ya sukuma wiki, naye akanisimamisha mahali nilipoandika kwamba "alikata tamaa akaondoka." Alisema, "Hapana, andika niliondoka kwa sababu mboga zilikuwa juani." Nilifuta maneno yangu nikaweka yake. Akaniuliza kama nimekitaja kikapu, nikamwonyesha mstari wenyewe, akaendelea kufunga mafungu.