SOMO: Kupiga picha za mitaa ya mjini usiku bila flashi

Wadau, wengi mmeniuliza picha zangu za usiku za Kariakoo na Posta nazipigaje. Leo naeleza yote. Sharti ni moja: flashi ibaki imezimwa. Ukiiwasha unamulika watu na kuufuta usiku wenyewe, na usiku ndio tulioufuata.

1. Lenzi. Nunua 50mm au 35mm yenye f/1.8, hata iliyotumika. Namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia. Lenzi inayokuja na kamera huishia f/5.6 ukishavuta, na hapo inapokea karibu mara 10 pungufu ya mwanga. Hakuna programu itakayokurudishia mwanga huo.

2. Tafuta taa kwanza, mtu atakuja. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo nisomeni taratibu. Wengi wanamkimbilia mtu, kisha wanalalamika kwamba picha ni nyeusi. Mimi naanza na mwanga: taa ya duka inayomwagika barabarani, jiko la chipsi, taa za bajaji zinazokuja. Nikishaupata, nasimama hapo hapo nasubiri.

Mwangalieni muuza kahawa mtaa wa Msimbazi maduka yanapoanza kufungwa. Makaa chini ya birika yanampa wekundu kidevuni, taa nyeupe ya duka la simu nyuma yake inamchora bega, na uso nusu umebaki gizani. Anapoinama kumimina, mvuke unapita mbele ya ile taa nyeupe na kwa muda mfupi sana unaonekana wote. Hiyo ndiyo picha. Ukisimama upande wa pili, taa ikiwa mgongoni kwako, mvuke huuoni kabisa.

3. Vipimo. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, f/2, spidi ya shata 1/125 ya sekunde kwa watu wanaotembea. Giza likizidi, panda hadi ISO 3200 au 6400, wala usiogope chembechembe. Picha yenye chembechembe inatazamika; iliyotikisika ni ya kufuta. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Kisha punguza mwanga kwa kitufe cha +/- cha kamera, -1 au hata -1.5. Kamera ikiona giza jingi inalazimisha kuling'arisha: anga linakuwa la kijivu, na taa zinageuka madoa meupe yasiyo na kitu ndani. Pima mwanga penye taa, giza liache liwe giza.

4. Fokasi. Lenga kwenye ukingo, pale mwanga unapokutana na kivuli. Kwenye giza tupu lenzi itahangaika tu.

5. Saa na hali ya hewa. Dar jua likishazama una dakika kama 20 tu za anga la buluu, halafu giza linaingia moja kwa moja. Uwe umeshafika kwenye kona yako. Na mvua ikikatika, toka! Lami iliyolowa inarudisha kila taa, na vivuli vinapata mwanga kutoka chini. Mpiga picha Brassaï, aliyehamia Paris mwaka 1924 na kuipiga picha usiku miaka ya 1930, alipenda mno mvua na ukungu kwa sababu hupunguza ukali kati ya taa na giza. Kamera yake ilitumia sahani za kioo, na muda wa kuacha lenzi wazi aliupima kwa sigara anayovuta: ikiisha, picha imeiva. Sisi wenye kamera za leo tunaharakia wapi?

6. Watu. Salimia kwanza. Mama ntilie yuko kazini, anastahili kujua unafanya nini na kamera yako. Akikataa, shukuru uondoke. Kamera usiielekeze Ikulu, bandarini, kambini wala kituo cha polisi. Tembeeni wawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sisi wenye simu tu tunatokaje?
Mnatoka vizuri. Futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole ndiyo yanayozipa taa ile miale mirefu. Gusa skrini penye taa, kisha shusha mwanga. Hali ya usiku ya simu huunganisha picha kadhaa, kwa hiyo anayetembea atatoka kama moshi. Itumie kwa majengo na waliokaa. Kwa wanaotembea izime, usogee karibu na taa.

Kaka, mbona picha zangu za dukani zina mistari myeusi?
Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi, hasa LED za bei rahisi, zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya spidi kubwa inaona. Rudi 1/100 au 1/50, mistari itaondoka.

Kuna taa za chungwa zinaniharibia rangi za ngozi. Nifanyeje?
Dada, taa za sodiamu zina rangi karibu moja tu, kwa hiyo nyingine huwezi kuzitoa kwenye kompyuta, hazimo. Ama ukubali chungwa lake, ama ugeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, ama umsubiri mtu asogee kwenye taa ya duka. Mimi huchagua la tatu.

Nataka ile michirizi ya taa za mabasi ya mwendokasi. Nimepanda daraja la waenda kwa miguu la Manzese na stendi ya kamera (ile ya miguu mitatu), ISO 100, f/11, sekunde 10, bado picha imetikisika.
Vipimo viko sawa, daraja ndilo linalotikisika watu wakipita. Shuka, simama pembeni ya Barabara ya Morogoro mbali na njia ya magari, uning'inize begi chini ya stendi iwe nzito, na tumia taima ya sekunde 2 usiiguse kamera. Bonyeza basi linapokaribia kuingia kwenye fremu.