Hostingi ipi inafaa biashara yako? Mwongozo kutoka Tanga

Wateja wanaonijia hapa Ngamiani karibu wote huanza na swali moja: "Hostingi shilingi ngapi kwa mwaka?" Hostingi ni nafasi unayokodi kwa ajili ya tovuti yako kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote. Bei iache kwanza. Ukifuata hatua hizi, utajua unanunua nini.

Hatua ya 1: Andika kazi ya tovuti

Sentensi moja tu, kwenye karatasi. "Kuonyesha vyumba na namba ya WhatsApp" ni kazi nyepesi. "Mgeni achague tarehe na alipe" ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Jua wageni wa tovuti wako wapi

Wengi huiruka hatua hii, na mimi ndiyo ninayokaa nayo zaidi. Loji ya Pangani inayotegemea watalii wa Ujerumani na Italia itafaidika na seva iliyoko Ulaya. Mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, wanunuzi wake wakiwa Dar es Salaam na Arusha, seva yake ikae Dar es Salaam. Data kwenda Ulaya na kurudi hutumia zaidi ya milisekunde 100, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo kabla haujafunguka.

Tena kuna suala la nyaya. Mei 2024, EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini. Seva ya Dar es Salaam haina haja ya kuvuka bahari kumfikia mteja wa Korogwe, mradi kampuni ya hostingi inabadilishana data na mitandao ya simu hapa hapa nchini. Waulize hilo kabla hujatoa hela.

Na kama unakusanya namba za simu au nakala za pasipoti za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Ina masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Hatua ya 3: Chagua aina

*Seva ya pamoja.* Mashine moja, tovuti nyingi. Ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani: jirani akijaza mapipa yake, kwako maji yanadondoka tu. Hata hivyo, kwa duka la vipuri, shule au loji ndogo, inatosha.

*VPS.* Ni sehemu ya seva uliyotengewa wewe: unapata fungu lako la RAM na prosesa, yaani nguvu ya mashine. Lakini ulinzi na masasisho ni juu yako. Kama huna fundi wa kuishika, usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Tafuta ile ambayo kampuni yenyewe inaisimamia.

*Klaudi.* Tovuti inatumia nguvu ya seva nyingi zilizounganishwa, nawe unalipia unachotumia. Inamfaa mwenye wateja wanaojaa kwa msimu, mfano wakala wa tiketi za mabasi mwezi wa Desemba. Angalizo: bili nyingi huja kwa dola.

Seva nzima ya kukodi naipita. Mwenye kuihitaji ana fundi wake tayari.

Hatua ya 4: Soma maandishi madogo

Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 bado inaruhusu tovuti kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka; asilimia 99 ni zaidi ya siku 3 na nusu. "Bila kikomo" nayo ina kikomo, mara nyingi kwenye idadi ya mafaili. Tazama bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza ni chambo. Uliza bakapu (nakala ya akiba ya tovuti) inachukuliwa kila baada ya muda gani, na nani anairudisha. Cheti cha SSL, kinacholinda data kati ya mgeni na tovuti, usilipie kwa tovuti ya kawaida. Huduma ya Let's Encrypt hukitoa bure.

Hatua ya 5: Shika jina lako

Kikoa chako cha .co.tz, yaani jina la tovuti yako, kisajiliwe kwa jina na barua pepe yako, si za fundi. Hata fundi akiwa mimi.

Hatua ya 6: Jaribu mwezi mmoja

Punguza picha kwanza. Picha ya simu ya MB 4 haina kazi kwenye tovuti. Kisha fungua kurasa kwa simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, saa mbili usiku wakati watu wamejaa mtandaoni. Zikiwa bado nzito, waandikie huduma kwa wateja usiku huo huo. Wakikujibu baada ya siku mbili, pakua bakapu yako na uhame kabla mwezi haujaisha.