Meneja Anaponyanyaswa na Walio Chini Yake: Hatua za Kuchukua

Unyanyasaji kazini unapotajwa, wengi humfikiria bosi anayemwonea mtu wa chini, na ndiyo maana meneja anayeonewa na wasaidizi wake huona haya kulisema, akihofia kuambiwa kwamba uongozi umemshinda. Hata hivyo, Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 2019, unawataja waziwazi wanaotekeleza mamlaka ya mwajiri miongoni mwa watu wanaostahili kulindwa.

Kwanza, tenganisha malalamiko na unyanyasaji. Mfanyakazi anayepinga uamuzi wako kikaoni au anayedai malipo ya saa za ziada hakunyanyasi, hata kama maneno yake yanachoma. Na meneja anayeuita kila upinzani unyanyasaji, kusema kweli, mara nyingi tatizo ni yeye. Unyanyasaji ni pale maagizo yanapoitikiwa "sawa, bosi" kisha ukafuata mgomo baridi, taarifa zinapofichwa makusudi ili uaibike mbele ya wakuu, na majungu yanapopelekwa juu wiki baada ya wiki.

Andika kila tukio siku hiyohiyo. "Walinidharau tena" haisaidii mtu yeyote, andika: "Jumanne, saa 4 asubuhi, kikao cha idara: alinikatiza mara tatu, akasema 'wewe ni wa kupita tu hapa', mbele ya watu saba." Hifadhi pia barua pepe na ujumbe.

Kisha zungumza na mhusika mmoja mmoja, faragha, kwa kuwa mara nyingi kundi huwa na kinara wake na baadhi ya waliobaki hufuata kwa woga tu. Taja tendo na unachotaka: "Ripoti niliyoiomba Ijumaa haijafika. Naihitaji kesho saa 6 mchana. Kama kuna kinachokukwamisha, niambie sasa." Mkimaliza, mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Usilipize kisasi kwa kumnyima likizo au kumpangia zamu mbaya, maana utakuwa umempa ushahidi dhidi yako.

Penye uzito zaidi ni kwa mkuu wako, kwani uonevu wa namna hii hustawi pale wakubwa wanapowasikiliza wafanyakazi kwa mlango wa nyuma. Mwendee mapema, kabla hajasikia upande mmoja, ukiwa na kumbukumbu zako na hatua ulizokwisha kuchukua, na umwombe jambo moja mahususi: anayemjia na lalamiko juu yako aelekezwe kwako au idara ya rasilimali watu, isipokuwa lalamiko lenyewe linahusu utovu wa maadili. Akikubali, onyo la maandishi utakalolitoa baadaye, baada ya mhusika kupewa nafasi ya kujieleza, litakuwa na mashiko. Akikataa, au akiwa yeye ndiye anayewachochea, wasilisha malalamiko rasmi kwa maandishi na utafute ushauri wa mwanasheria wa kazi kabla ya kufikiria kujiuzulu. Usingizi ukianza kupotea, mwone daktari na utunze cheti chake pamoja na kumbukumbu nyingine.