Jinsi ya Kupanga Rangi za Mawe katika Dwarf Fortress

Mchezaji wa Nairobi aliyezoea kuta za kijivu za mawe ya Ndarugo atakuta rangi nyingi ajabu katika Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome ya vibete, kwa kuwa kila ukuta, sakafu na daraja huchukua rangi ya jiwe lililotumika. Amua rangi kabla ya kujenga. Kati ya mawe ya mchezo huu, mikroklini ni ya samawati inayong'aa, othoklasi ni ya manjano, marumaru ni meupe na obsidiani ni nyeusi.

Agiza mawe ya aina moja tu yachongwe kuwa matofali, maana jiwe moja hutoa matofali manne yenye rangi ileile, na vibete huyabeba kwa wepesi kuliko jiwe zima. Kisha tenga ghala karibu kabisa na ujenzi, ulipangie kupokea matofali ya jiwe hilo pekee. Ukiliacha wazi kwa kila aina, utachanganya mawe na ukuta utatoka na mabaka yanayoudhi macho.

Mikroklini hupatikana kwa wingi, lakini kwa maoni yangu ukumbi mzima wa rangi hiyo unachosha, hivyo itumie kwa mistari ya sakafuni tu. Marumaru hupendeza sana. Hata hivyo huhitajika pia katika kutengeneza chuma cha pua, basi weka akiba. Lango la kuzuia lava lijenge kwa boksiti, ambayo ni nyekundu na haiyeyuki. Rangi isipokuridhisha, bomoa ukuta: matofali yake hurudi yakiwa mazima.