Kabla ya Kutia Plau Kwenye Mbuga ya Nyasi

Ukisimama mbele ya mbuga tupu, nyasi zikiyumba hadi macho yanapokoma, ni rahisi kudhani ardhi hiyo imekaa bure. Walowezi walioingia nyika za katikati ya Marekani katika karne ya 19 walidhani hivyo. Lakini nyika zile zilikuwa na wenyewe: Walakota, Wapawnee, Wacheyenne, Wakomanche na wengine. Makundi makubwa ya nyati wa huko, baisani, yalikula mahali yakahama, na nyasi nyuma yao zikapata nafasi ya kuchipua upya. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 baisani walikuwa wamekaribia kumalizwa kwa bunduki, na wenyeji wamesukumiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Pamoja nao uliondoka utaratibu wa malisho uliokuwa umeitunza nchi ile muda mrefu.

Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo, mradi ajenge, alime na aishi hapo miaka mitano. Kwa mtu aliyetoka kwenye mvua za mashariki, ekari 160 ni shamba kubwa. Ila kadiri unavyokwenda magharibi katika nyika zile, mvua inapungua, na ukishaipita longitudo ya 100, mstari wa ramani unaozikata nyika zile kutoka kaskazini hadi kusini, mara nyingi hupati hata milimita 500 kwa mwaka. Mwaka 1878 John Wesley Powell, mwanajiolojia na mpelelezi wa nchi za magharibi, aliiambia serikali kwamba familia ya mfugaji katika ukame ule inahitaji ekari 2,560, na kwamba mipaka ya mashamba ifuate maji badala ya kuchorwa kwa rula. Hakusikilizwa. Wengi waliamini jembe lenyewe huleta mvua, kwamba ukilima mawingu yatakufuata. Ukame wa miaka ya 1890 ukawahamisha maelfu. Ndipo sheria ikaanza kulegea: ekari 320 mwaka 1909, kisha 640 kwa wafugaji mwaka 1916.

Kwa hiyo anayetafuta ardhi kwenye nyanda kavu, swali lake la kwanza liwe mvua, ekari zifuate. Waulize wazee wa pale kuhusu miaka mibaya mitatu waliyoiona, na upange ukubwa wa kundi lako kwa miaka hiyo. Mwaka mzuri utajilisha wenyewe.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapa ndipo hasara kubwa ilipotokea. Udongo wa nyika umeshonwa na mizizi. Baadhi ya nyasi ndefu za kule hushusha mizizi zaidi ya mita mbili. Walowezi wasiokuwa na miti walikata udongo huo vipande kama matofali wakajengea nyumba. Plau za chuma cha kusubu zilinasa tope. Plau ya chuma cha pua aliyoitengeneza mhunzi John Deere katika jimbo la Illinois mwaka 1837 ilijisafisha yenyewe ikitembea, na kazi ikawa nyepesi. Nyepesi mno, naona mimi. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na matrekta yalipoenea miaka ya 1920, mamilioni ya ekari za nyasi yalipinduliwa. Wataalamu wengine wa siku hizo walifundisha kusaga udongo wa juu uwe laini kama unga ili unyevu usitoke. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, unga huo ukapaa. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa giza katika majimbo kadhaa, na mwezi huohuo serikali ikaunda idara ya kuhifadhi udongo chini ya mtaalamu wa udongo Hugh Hammond Bennett.

Njia zilizosaidia kurudisha ardhi ile zinafaa popote penye upepo na mvua haba. Lima kukingama na mteremko. Panda kwa mikanda, mkanda wa nafaka kando ya mkanda wa nyasi, na safu za miti upande unakotoka upepo. Zaidi ya yote, acha mabua shambani baada ya kuvuna. Najua hapa ndipo tunapogombana, kwa sababu mabua hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wa kiangazi. Waache wale, ila watoe mapema, udongo ukiwa bado umefunikwa. Ukiuona uchi, umechelewa.

Upande wa mifugo, kule Marekani ng'ombe walichungwa kwenye nyika isiyo na uzio, na wenye makundi wengi hawakuweka lishe ya akiba hata kidogo. Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu na nyasi zililiwa hadi shinani. Baridi ya 1886 hadi 1887 ikashuka na theluji nzito, ng'ombe wakafa kwa wingi. Waliobaki kwenye kazi hiyo walibadilika: wakakata nyasi na kuzikausha kabla ya baridi, wakazungushia malisho seng'enge ambayo Joseph Glidden alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1874, wakavuta maji kwa pampu za upepo. Wasukuma wa Shinyanga wanalijua jambo hili kwa jina la ngitili: malisho hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi kikikaza. Asiye nayo aanze na kipande kidogo, akifunge kweli, hata jirani akilalamika.

Na kabla ya kupanda, usitazame mbingu peke yake. Chukua chuma chembamba chenye ncha, kichome ardhini sehemu tano za shamba. Kwenye udongo usio na mawe, kitashuka kwa urahisi hadi unyevu unapoishia, kisha kitakataa. Kikikataa kwenye kina cha kiganja, subiri mvua nyingine, au panda eneo dogo tu na uache nyasi zilizobaki zisimame.