Amua mwelekeo kabla ya kupanga tarehe

Anayekusudia kuimaliza Great Allegheny Passage, njia ya waendesha baiskeli na watembea kwa miguu nchini Marekani, yenye urefu wa kilomita 240 hivi kati ya Pittsburgh na Cumberland, aamue kwanza ataanzia upande gani, kwa sababu mwinuko wake haulingani pande zote mbili. Ukitoka Pittsburgh, unapanda taratibu mno kwa takriban kilomita 200 hadi kileleni, mita 729 juu ya usawa wa bahari, kisha unateremka kilomita 38 hivi hadi Cumberland. Ukianzia Cumberland, mteremko huohuo unageuka kuwa mlima wa siku yako ya kwanza, miguu ikiwa bado haijauzoea mzigo. Kwa mwendesha baiskeli aliyebeba mikoba, ningemshauri bila kusita aanzie Pittsburgh. Kwa mtembea kwa miguu tofauti ni ndogo.

Karibu na kilele lipo handaki la Big Savage, lenye urefu wa takriban kilomita moja, ambalo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo safari isipangwe kati ya Desemba na mwanzoni mwa Aprili.

Anayeendelea hadi Washington kwa kufuata mfereji wa kale wa Chesapeake and Ohio, kilomita 297 zaidi, atakuta udongo unaogeuka tope baada ya mvua, na handaki la Paw Paw lisilo na taa, ambamo mwendesha baiskeli hushuka na kuikokota baiskeli yake. Tochi, basi, isikosekane, na siku moja ya akiba pia.